Kilo Hamsini na Nane kwenye Gurudumu la Nyuma

Wengine wakisimulia mambo ya namna hii husema yalimpata jirani, au binamu ya jirani, au mtu mmoja wa Bwaise ambaye siku hizi amehama. Mimi sina jirani wa kumsingizia. Yalimpata baba yangu, halafu yakanipata mimi, na mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Uliza nyumba zote za reli hapa Nsambya. Nani alimtoa nyoka kwenye tangi la maji kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeshika roleksi, chapati yangu ya mayai? Ocira. Ndiye huyu anayekuandikia.

Shule niliacha kidato cha pili. Walimu walisema nina mdomo kuliko vitabu. Sawa. Wale wenye vitabu leo wanazunguka mjini na bahasha za vyeti kwapani, na mimi nilikuwa nakaa behewa la mwisho la treni ya abiria, tableti mapajani, nasikiliza chuma.

Nieleze, maana najua unacheka. Chini ya behewa lile, kwenye kila kichwa cha ekseli, Injinia Valarie alifunga vijidude vyeusi vya ukubwa wa kiberiti. Mwenyewe anaviita vihisi. Mimi nikaviita masikio, na jina likashika mpaka naye akalizoea. Gurudumu linapogusa reli, masikio yanausikia mguso. Gurudumu limeanza kupata ubapa, yanasikia. Reli imechoka, yanasikia. Tena yanapima uzito unaokalia kila gurudumu, kilo kwa kilo, bila kuhesabu behewa lenyewe. Kwenye tableti, mstari wa juu ni mtikisiko, wa chini ni uzito. Nyaya zote nilifunga mimi. Valarie ana digrii mbili, lakini penye grisi anapeleka mkono wa Ocira.

Baba yangu, Kerubino Oola, alifanya kazi hiyo hiyo bila nyaya. Miaka thelathini na moja alitembea juu ya mataruma kutoka Kampala kuelekea Namanve, nyundo ya mpini mrefu begani. Kila penye kiungo cha reli alisimama, akagonga mara tatu, akainamisha kichwa. Reli nzima hulia kama kengele, alisema. Inayoumwa hulia kama sufuria. Alipostaafu alirudisha bendera nyekundu, filimbi na koti. Nyundo alisema imepotea. Ilikuwa chini ya kitanda, na kila alfajiri aliitoa akaenda kutembea njia yake kama kawaida, hakuna aliyemtuma.

Asubuhi moja ya Aprili, siku kama siku nyingine, tulikuwa tunakunywa chai mlangoni, mimi, yeye na mama.

"Masikio yako yameamkaje?" baba aliniuliza.

"Hayana magoti mabovu kama wewe, mzee."

"Yakisikia kitu yanafanya nini?"

"Yanamwandikia Valarie."

"Na Valarie?"

"Anaandika ripoti."

Baba alicheka mpaka chai ikamwagikia suruali. "Mimi nikisikia kitu, nakimbia."

"Ukimbie na miguu gani, Oola?" mama akadakia. "Kilo hamsini na nane, na nusu yake ni nyundo." Ni yule mwanamke mwenye mzani karibu na soko la Owino aliyempima, na tangu siku hiyo mama Filda hakumpa nafasi. Hamsini na nane ndilo lilikuwa jina lake la utani nyumbani.

Sasa nikwambie kosa langu, nilitoe mapema kabla halijanikwama kooni.

Kugonga kwa baba kulikuwa kunaingia kwenye mashine. Treni ikisimama kituo cha Kireka, magurudumu yakinyamaza, masikio yalisikia kupitia reli, kutoka kwenye kona ya mbele penye majimaji na matete: tatu, pumziko. Tatu, pumziko. Kila asubuhi. Valarie akakunja uso. "Ocira, kuna kitu kinachafua takwimu zangu. Kitafute." Nilikijua. Lakini ningesemaje? Kwamba ni baba yangu, mzee aliyestaafu, anatembea relini na nyundo ya kuiba? Mimi, fundi wa masikio? Nilimwambia ni mabati yanagongana, nitarekebisha.

Nikarekebisha. Niliifundisha mashine kwamba mlio wowote wa tatu-tatu kutoka kona ile ni takataka. Isiuonyeshe. Iutupe kwenye faili nililoliita Kelele. Dakika kumi, kazi imekwisha. Valarie akanisifu mbele ya watu, na mimi nikavimba kama andazi.

Nilisahau kitu kimoja. Baba alinifundisha nikiwa na miaka sita, sikio langu limelazwa juu ya reli ya moto. Tatu na pumziko: njia ni nzima. Tatu, tatu, tatu bila kupumzika: simamisha treni.

Halafu ikaja siku moja, mvua ilinyesha tangu alfajiri, ukungu umekaa juu ya majimaji. Tulisimama Kireka dakika nne kumpisha mama mmoja na magunia yake. Pembeni yangu alikaa msichana, na mimi nilikuwa namwonyesha tableti. Mstari wa juu umelala, shwari.

"Reli ikikohoa tu," nilimwambia, "mimi ndiye wa kwanza kujua."

Treni ikaondoka. Ikaingia kwenye kona. Halafu Asuman, dereva, akafunga breki, na watu wote wakamwagika kwenye viti.

Nilishuka nikikimbia. Reli ilikuwa imekatika, pengo la kuingiza ngumi. Treni ilisimama hatua kumi na moja kabla ya pengo. Watu mia tatu na zaidi walikuwa wazima, wanalalamika viatu vyao vimelowa. Asuman alikuwa amekaa chini kwenye kokoto, kofia yake ya kiislamu mkononi.

"Alisimama katikati," alisema. "Ameinua nyundo. Sikumwona, Ocira. Nilimwona nikiwa nimeshafika."

Sitaeleza nilichokiona chini ya injini. Nitasema tu kwamba nyundo ilikuwa haina alama hata moja.

Jioni hiyo nilifungua faili la Kelele peke yangu. Ndani ya zile dakika nne tulizosimama Kireka, baba aligonga tatu-tatu mara arobaini na sita. Bila kupumzika. Masikio yalisikia yote. Nilikuwa nimeyafundisha yasiniambie.

Valarie aliandika kwenye ripoti kwamba mashine haikusikia kitu. Sikumsahihisha.

Kwetu watu wa Kitgum, katika ukoo wetu, mtu akifia njiani hamchukui mwili mkaondoka. Lazima aitwe kwanza. Baba mdogo Obwona alinikalisha chini, sauti ya chini, mama akisikiliza upande wa pili wa pazia.

"Wewe ndiye mkubwa. Utaenda pale alipoangukia. Utamwita jina lake lote. Utamweleza kilichotokea, usimfiche kitu, maana yeye alikuwepo. Kisha utatembea naye mpaka hapa, tawi mkononi, ndilo litakalombeba, usigeuke nyuma. Mlangoni mama yako atakuuliza: umekuja na nani? Utamjibu. Ukimjibu, anaingia, anapumzika. Ndipo tumpeleke Kitgum mwili na roho."

"Na nisipojibu?"

Obwona alinitazama kama mtu aliyeulizwa itakuwaje mtu asipovuta pumzi.

Nilitoka na tawi la kumwongozea. Nilifika Nakawa. Hapo nilimwambia wa boda asimame, kwa sababu nilisikia maneno nitakayotakiwa kuyasema, na yalikuwa makubwa kuliko mdomo wangu. Mimi, mwenye mdomo. Niligeuza. Nilizunguka Owino mpaka saa tisa, natazama viatu ambavyo sikununua. Kisha nikarudi nyumbani na tawi langu.

Mama alisimama mlangoni amevaa gomesi lake la kanisani.

"Ocira. Umekuja na nani?"

"Nimekuja na baba."

Alilia kwa furaha. Alilipokea tawi kwa mikono miwili, akalipeleka mpaka kitandani, akalilaza upande wa baba. Kesho yake tulienda Kitgum tukazika. Watu wakaimba. Mimi peke yangu nilijua kwamba tumezika nusu.

Nilirudi kazini baada ya wiki mbili. Treni ya kwanza ya asubuhi huenda Namanve karibu tupu. Behewa langu halikuwa na mtu. Kulikuwa kumekucha, jua zuri, harufu ya mihogo ya kukaanga inaingia dirishani. Tulipita ile kona.

Mstari wa chini ukapanda.

Si sana. Gurudumu la nyuma, kushoto. Nilisoma namba, nikafuta skrini kwa shati, nikasoma tena. Hamsini na nane.

Niliinua macho. Viti tupu.

Uzito ulibaki pale mpaka Namanve. Ulibaki tuliporudi. Kampala abiria wote walishuka, behewa likafagiwa, milango ikafungwa. Hamsini na nane.

Valarie alibadilisha masikio ya upande ule. Hamsini na nane. Alibadilisha tableti. Alisukuma behewa kwenye njia ya pembeni, akaingia chini yake mwenyewe, grisi mpaka kwenye nywele.

"Ocira we, umeficha nini humu?"

"Hakuna kitu, madamu."

Tuliingia ndani pamoja. Kiti cha dirishani, cha mwisho kushoto, kilikuwa na maji. Yalijaa pale mtu anapokalia, yakadondokea sakafuni. Mvua haikuwa imenyesha siku tisa. Valarie aliyagusa kwa kidole, akanusa.

"Maji ya kwenye matete, ya ile kona," alinong'ona. Hakuingia tena ndani ya behewa lile.

Nikafungua faili la Kelele. Halikutakiwa kuwa na kitu. Nani angegonga? Lilikuwa limejaa. Saa nane mchana, treni imeegeshwa. Tatu, tatu, tatu. Jumapili, treni imeegeshwa. Tatu, tatu, tatu. Mlio haukutoka tena kwenye kona. Ulitoka chini ya sakafu ya behewa. Mashine bado ilikuwa mtiifu. Ilimsikia, ikamtupa. Ilimsikia, ikamtupa.

Hakuja kunidhuru, hilo nililijua. Angenidhuru lini, mtu aliyenibeba begani mpaka nina miaka minane? Alikuwa amepanda treni pekee aliyojua mwanawe yumo. Alikuwa anaenda na kurudi, anaenda na kurudi, anasubiri mtu amwambie ashuke wapi.

Na nyumbani, mama. Kila asubuhi aliweka kikombe cha baba mlangoni. Chai ilipoa, akaimwaga.

"Ocira, siku ile ulimwita jina lake lote?"

"Lote, mama."

"Mbona upande wake wa kitanda ni wa baridi hivi?"

Nilimwambia ni majira. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali kudanganywa na mtoto wake kwa sababu ndiye mtoto aliyenaye.

Jumapili iliyofuata nikasema basi. Ocira hakimbii. Kengele za misa zilikuwa zinalia huko kilimani, wingu limeanza kushuka. Niliingia kwenye behewa lililoegeshwa, nikasimama mbele ya kile kiti chenye maji.

"Kerubino Oola."

Maji yalidondoka sakafuni.

"Kerubino Oola, baba, ni mimi. Uligonga mara arobaini na sita. Masikio yalisikia. Mimi ndiye niliyeyafundisha yakutupe. Nilikuonea haya."

Kisha nikasema lililobaki, "Twende nyumbani," na nikatazama tableti.

Mstari wa chini ulishuka. Hamsini na nane. Thelathini. Sifuri.

Ubao wa sakafu ulilia karibu nami. Mmoja. Kisha wa pili.

Nikageukia mlango, nikatembea.

Nilivuka njia za reli. Nilipanda barabara ya Nsambya. Mvua ilianza, matone makubwa. Nyuma yangu nilisikia hatua, moja nzito na moja ya kukokota, kama mtu mwenye magoti mabovu. Sikugeuka. Boda mmoja alipunguza mwendo pembeni yangu, mwenye boda amefunika kichwa kwa plastiki.

"Ssebo," alisema, "huna huruma? Mwache mzee apande, bambi, maskini, analowa."

Niliendelea kutembea. Yule bwana alimtazama aliye nyuma yangu vizuri zaidi. Akaongeza moto, akaondoka.

Nyumba yetu. Mlango wetu. Mama alitoka kuingiza nguo kwenye kamba, akaniona, akasimama. Hakunitazama usoni. Alitazama nyuma ya bega langu, akikunja macho kwenye mvua.

Akauliza. Sikumwomba aulize. Nguo zililowa mikononi mwake, sauti yake ikawa ndogo kama ya msichana.

"Ocira. Umekuja na nani?"

Na ndipo nikaona kitu ambacho sikukipigia hesabu njia nzima. Nikisema nimekuja na baba, mama atauliza: na yule wa siku ile alikuwa nani? Na tawi alilolilaza kitandani, akalikumbatia siku zote hizi, lilikuwa limembeba nani? Kwa jibu moja ningemwingiza baba, na kwa jibu lile lile ningemuua mama. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Nilifikiri haraka sana, kama nilivyofanya siku ile ya mabati.

"Peke yangu, mama."

Hatua za nyuma zilikoma.

Hakukuwa na upepo. Hakukuwa na kelele. Mtu tu, nyuma yangu, amesimama mbele ya mlango wake mwenyewe, anamtazama mkewe, na amesikia mwanawe akisema hayupo.

Kisha uzito ukaja. Haukuja kwa hasira. Ulikuja polepole, kama mzee aliyechoka anapoomba mgongo. Ukakaa begani kwangu, pale pale nilipokuwa nakaa mimi kwake. Nikapiga hatua kuingia ndani. Mguu ukazama kwenye tope mpaka kifundoni.

Mama alitazama nyayo zangu. Alitazama zake, juu juu, kama za kuku. Akatazama zangu tena.

"Haya," alisema. "Ingia ukauke." Lakini hakufunga mlango. Tangu siku hiyo haufungi.

Jumatatu nilienda kwa yule mwanamke wa mzani karibu na Owino. Mimi ni mtu wa kilo sitini na nne, mwembamba, wasichana wanajua. Nilipanda. Alitazama namba, akanitazama mimi, akapiga mzani teke.

"Shuka. Panda tena."

Nikapanda tena.

"Mia na ishirini na mbili?" Alianza kucheka, akaacha. "Kijana, umebeba nini?"

Kwenye treni gurudumu la nyuma ni safi sasa, sifuri, Valarie amefurahi. Hajui kwa nini niliomba kuacha kazi. Kila nilipokaa, gurudumu la chini yangu lilisoma mia na ishirini na mbili, na nilikuwa nimechoka kuliita hitilafu.

Ninaandika haya kwa sababu mdomo umenishinda. Naam, mimi. Mama Filda hasomi. Jioni husomewa na Nabilah wa mlango wa pili, barua zake, Biblia yake, hata matangazo ya umeme, ingawa Nabilah mwenyewe ni mtu wa msikitini. Nabilah, karatasi hizi nimekuachia wewe. Msomee polepole. Ukifika kwenye tawi, usiruke. Tawi nililikata nyuma ya vyoo vya hapa hapa nyumbani, na halikufika pale alipoangukia, mwambie hivyo. Nitakuwa nimekaa nje, ukutani, nasikia.

Na kabla hujaanza, tazameni nyote wawili hapo mlangoni. Mvua kubwa imenyesha mara mbili tangu siku ile, na mama amefagia kila asubuhi, lakini zile nyayo zangu mbili hazijafutika. Zimejaa maji. Mtu asipopita, pawe kimya kabisa, yale maji hutikisika. Tatu. Tatu. Tatu. Bila kupumzika.

Ukimaliza kusoma, Nabilah, mwambie mama aje mlangoni aniulize tena.